Uduvi wa Longech

Siku niliyokutana na chakula cha Kimelayu Kakuma, nilikuwa nimekwenda kutazama pampu ya kisima iliyokataa kuwaka. Nafanya kazi katika idara ya maji mjini Lodwar, na barabara ya Kakuma nimeipita mara nyingi hata najua ni wapi ngamia hupenda kulala juu ya lami. Dereva wetu ni Mturkana wa hapo hapo Lodwar, mtu mzima, mpole, mwenye msimamo mmoja usiotikisika: kwamba mtu mwenye akili hula nyama ya mbuzi na ugali, basi. Pampu ilitusumbua mpaka saa nane mchana. Tulipofika kwenye hoteli ya nyama tuliyoizoea tukaikuta imefungwa, mwenyewe ana msiba. Tukaingia kambi ya wakimbizi kutafuta chochote.

Kambini kuna hoteli za kila aina. Wahabeshi wanapika injera, Wakongo wana sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu, Wasomali wana pilau na nyama ya ngamia. Tulichagua moja ya Kisomali kwa sababu ilikuwa na kivuli kizuri. Dereva alikuwa ameshaagiza pilau, kwa uso wa mtu aliyeonewa, harufu iliponijia kutoka jikoni. Ilikuwa ya pilipili kavu zilizosagwa pamoja na vitunguu, zinakaangwa polepole mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Ndani ya harufu hiyo mlikuwa na tui la nazi. Mimi ni mtu wa Kilifi, nazi naijua tangu utotoni, lakini kwetu hatukaangi pilipili namna hiyo. Nilikuwa nimeinusa mahali pamoja tu duniani.

Nilisoma Malesia miaka miwili, shahada ya pili, mambo ya maji. Nilipanga chumba juu ya kibanda cha mjane mmoja aliyeuza nasi lemak kila asubuhi. Ni wali uliopikwa kwa tui, umewekewa rojo la pilipili waliloliita sambal, vidagaa vya kukaanga, karanga, vipande vya tango na nusu ya yai la kuchemsha, vyote vimefungwa katika jani la mgomba. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikila huku machozi yananitoka, na yule mama akinipangusa kwa khanga yake akicheka. Baadaye ikawa nisipokula asubuhi, siku haianzi. Niliporudi nyumbani nilijaribu kupika mara kadhaa nikapata wali wa nazi wenye pilipili. Mume wangu alisema ni mtamu, na kweli ulikuwa mtamu, ila haukuwa wenyewe. Nikaacha kujaribu.

Kwenye kaunta ya ile hoteli alikaa mwanamke wa Kisomali wa makamo, mnene, mwenye tasbihi mkononi. Nilimwuliza kule nyuma wanapika nini.

"Hiyo si ya wateja," alisema. "Hiyo anakula mwenyewe, bibi ya kijana yangu. Wewe huwezi. Inaunguza."

Nikaomba ruhusa nikaenda mpaka mlango wa jiko. Ndani alikuwa amesimama mwanamke mfupi, wa umri wangu hivi, amejifunga mtandio wa rangi ya maji ya machungwa, mgongo kwangu. Alikuwa anakoroga. Sikujua nimsalimie vipi, na kabla sijafikiri sana, kinywa kilitoa kile ambacho yule mjane wangu alikuwa akiniambia kila nilipoteremka ngazi: "Sudah makan?" Ndiyo salamu yao, kuuliza kama mtu amekwisha kula.

Aliweka mwiko chini. Aligeuka, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu kuona ni nani aliyesema. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikarudia.

"Belum," alinijibu, yaani bado. Kisha akakaa kwenye kigoda, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaanza kusema kwa kasi ambayo Kimelayu changu cha mwanafunzi hakingeweza kuifuata hata robo. Nilimwomba aende polepole. Akacheka. Tukaishia kuchanganya, Kimelayu kidogo, Kiswahili chake cha Kakuma kidogo, na mikono.

Tulikula pamoja kule kule jikoni, sahani moja, kwa vidole. Alikuwa amekaanga omena wa kutoka Kitale mahali pa vidagaa vya kwao. Tui lilikuwa la unga wa pakiti. Yote hayo niliyatambua na wala hayakunisumbua, maana pilipili ilikuwa imekaangwa na mkono uliojua. Nilikula mpaka kamasi zikanitoka. Katikati ya kula alisimama akaniangalia.

"Kakak," alisema, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "kuna kitu hakuna. Unajua?"

Nilikuwa nimekijua tangu tonge la kwanza. "Belacan," nikasema.

Akapiga kofi gotini. Belacan ni uduvi, wale kamba wadogo kama kucha ya mtoto, waliotiwa chumvi, wakaanikwa, wakatwangwa, wakaanikwa tena mpaka wakawa donge gumu jeusi. Donge lenyewe linanuka vibaya. Likikaangwa na pilipili kinatokea kitu ambacho sijui kukieleza, isipokuwa kwamba bila hicho sambal ni pilipili tu.

Alinisimulia yake nikiwa bado nalamba vidole. Kwao ni kijiji cha wavuvi, pwani ya mashariki ya nchi ile. Alikutana na mumewe chuoni, kijana wa Kisomali aliyekuwa akisoma kompyuta. Walioana, wakaishi mjini vizuri. Kisha mama mkwe, yule wa kwenye kaunta, akaugua, na mume akaja Kakuma kumtazama. Mke akafuata, akidhani ni likizo. Mama akapona, lakini hoteli ilikuwa inahitaji mikono, mume akafungua duka la kutengeneza simu, mtoto akazaliwa, na likizo ikawa maisha. Hakulisema hilo kwa uchungu. Alisema kilichomsumbua mwanzoni ni jina la kabila lake. Kila alipoulizwa yeye ni mtu gani, alijibu kwa fahari, "Mimi Melayu," na watu waliosikia vingine walikuwa wanainama kuficha uso. Ilichukua muda mpaka mwanamke mmoja wa Kikongo akamvuta kando akamweleza neno hilo likikaribiana hivyo na "malaya" linaleta picha gani kwa Waswahili. Tangu hapo akawa mtu wa Malesia.

"Na belacan hukuja nayo?" nilimwuliza.

Alionyesha kwa kidevu upande wa kaunta, akacheka bila sauti. Mama mkwe alikuwa amesikia. Akaja mwenyewe mlangoni kujitetea.

"Mimi nilifungua sanduku nimpangie nguo zake," alisema. "Nikasikia harufu. Nikajua panya amefia ndani, safari ni ndefu. Nikatoa hiyo kitu na fimbo, nikaenda kuitupa mbali, huko lagani, kwa mto iliyokauka. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nilikubali kwamba ningefanya vivyo hivyo. Dereva, aliyekuwa amemaliza pilau yake akaja kunitafuta, alichungulia sahani, akanusa, akarudi garini.

Ikawa kila nikienda Kakuma napitia pale. Wakati mwingine mume wangu aliandamana nami siku ya mapumziko, na yeye aliipenda sambal kuliko nilivyotazamia. Lakini kila mara tulipokuwa tunakula, dada yule alikuwa anasimama katikati ya tonge, anafikiri, anaendelea. Nami nilikuwa naliona lile pengo kila nilipotafuna. Alijaribu kuagiza Nairobi kupitia kwa watu wa mumewe, wakamletea nyanya ya kopo. Walisikia ni kitu kizito cha kutia kwenye mchuzi, wakadhani jina amekosea kutamka.

Kazi ndiyo iliyonipeleka Longech. Ziwa Turkana limepanda miaka hii, limemeza sehemu ya ufuo, na tulitumwa kutazama visima vya wavuvi vilivyoingiliwa na maji ya magadi. Tulipitia Kalokol, tukaendelea mpaka mwisho wa njia. Nikiwa nimesimama majini hadi vifundoni, natazama miti ya mathenge iliyozama, matawi yake yakitokeza juu kama vidole, niliona kitu kinaruka kati ya vijiti. Nikainama. Vilikuwa vidogo, vyeupe karibu kama kioo, macho meusi: uduvi. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukivichota hivyo hivyo mikokoni kwetu kwa kitambaa.

Palikuwa na wanawake wanapasua samaki kando ya ufuo na kuwaanika. Nikawasalimia, "Ejok," wakaitikia. Mmoja alijua Kiswahili kizuri. Nilimwonyesha kiganjani.

"Hawa mnawaita nani? Mnawala?"

Aliwatazama, akaniangalia usoni kuona kama namtania. "Hiyo inakula samaki," alisema. "Si watu. Samaki ndio inakula hiyo."

Akawatafsiria wenzake, wakacheka wote, na dereva wangu akacheka zaidi yao. "Injinia," aliniambia, "watu wanakuja ziwa kutafuta samaki. Wewe umekuja kutafuta chakula ya samaki."

Nilimpigia simu yule dada wa Kakuma nikamwambia nimeona nini. Akauliza swali moja tu: wana harufu ya tope au ya bahari? Nikawanusa. Nikasema ya chumvi, chumvi yenye magadi. Akaniambia nisiondoke nao hivi hivi, wataoza kabla ya Lodwar. Chumvi kwanza, hapo hapo ufuoni, nyingi, na beseni lifunikwe.

Yule mama aliyejua Kiswahili aliamua kwamba jambo hili la kipuuzi linastahili kufanywa vizuri. Alifungua leso yake, akanishikisha ncha mbili, akashika mbili, akanionya nisivuke ule mti wa tatu kwa sababu ya mamba. Tukawa tunaikokota leso polepole kati ya matawi, tunainua, tunamimina. Wenzake wakaacha visu, wakaja na leso zao. Mpaka jua lilipokuwa kali tulikuwa na beseni lililojaa, na wanawake walikuwa wameloa, wanatupiana maji kama wasichana. Niliwaachia sukari na majani ya chai niliyokuwa nimebeba garini, nao wakanipa samaki mkavu juu yake. Yule mama akasema nikirudi niwaambie kama mtu alikula kweli.

Sitasema mengi juu ya siku zile uduvi walipokaa kwangu Lodwar. Dada alitaka waanikwe kidogo kabla ya kusafirishwa, na mimi sikuwa na safari ya Kakuma mpaka wiki iliyofuata. Niliwatandaza juu ya bati la jiko. Paka wa mtaa mzima walihamia kwangu. Jirani, mwalimu kutoka Bungoma, mtu mwenye adabu sana, alibisha hodi akaniuliza kama kuna mgonjwa. Mume wangu alifunga madirisha yote ya upande ule, akakaa ndani na joto lile bila kulalamika, na mimi nilijua nimeolewa na mtu mwema.

Tulitwanga Kakuma, siku ya Jumamosi, uani nyuma ya hoteli. Mama mkwe alitoa kinu chake cha kutwangia viungo, baada ya kuhakikishiwa kwamba kitaoshwa kwa majivu na ndimu. Dada aliegemeza simu kwenye debe, akampigia mama yake. Kule kwao ilikuwa inaelekea jioni. Uso wa bibi mmoja mwembamba ukajaa kioo, karibu mno, tukawa tunaona paji la uso tu.

Baadaye dada aliniambia kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kumwonyesha mama yake mahali anapoishi. Alikuwa akipiga simu ndani, ukuta ukiwa nyuma yake, maana alijua mama akiona vumbi na mabati hatalala. Lakini siku hiyo kinu kilikuwa uani, kwenye mwanga, na hakukuwa na namna. Bibi alitaka kuona rangi ya uduvi. Simu ikageuzwa, na pamoja na uduvi akaona ua mzima: uzio wa miiba, mbuzi wawili juu ya lundo la kuni, mitungi ya manjano ya maji, na lile anga la Turkana lisilo na wingu hata la kusingizia.

Dada alisimamisha mchi.

"Mvua huwa hainyeshi hapo?" bibi aliuliza. Nilielewa kila neno.

"Hainyeshi sana, mama."

"Jua ni hilo kila siku?"

"Kila siku."

Bibi akasogeza uso mbali kidogo, tukamwona mdomo. "Hapo ni pazuri sana kwa belacan," alisema. "Huku mvua imetuharibia ya mwaka huu wote."

Dada alicheka, na akiwa bado anacheka akaanza kulia, akawa anatwanga huku analia, na bibi upande wa pili anamkemea kwamba machozi yataongeza maji, atwange kwa nguvu, bado ni chengachenga. Mimi nilipewa kazi ya kugeuza kwa mkono. Bibi aliniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwa ufasaha wangu wote kwamba nimekula, na yeye akasema sura yangu haionyeshi.

Tulifinyanga madonge, tukayaanika juu ya ungo. Baada ya siku kadhaa yalitwangwa tena, yakaanikwa tena. Nusu yaliota ukungu kwa sababu tulikuwa tumeyafanya manene mno. Yakatupwa, safari hii kwa idhini ya mwenyewe. Yaliyobaki yalikauka yakawa ya rangi ya matofali yaliyochomwa sana.

Nilikuwapo siku yalipokaangwa. Dada alikata kipande kidogo, akakichoma kwanza juu ya mkaa, na hoteli nzima ikageuza shingo. Kisha akakisaga na pilipili, akatia mafuta yaliyopata moto. Ile harufu mbaya ilikaa kidogo ikabadilika. Nilikuwa juu ya zile ngazi tena, nguo za kwenda darasani, njaa ya asubuhi.

Tulikula. Dada alitafuna tonge la kwanza mpaka mwisho bila kusimama. La pili pia.

"Ni yenyewe?" nilimwuliza.

"Ni yenyewe," alisema. Akafikiri. "Ina magadi kidogo. Mwisho wa ulimi."

Kweli ilikuwa nayo, uchungu mdogo wa ziwa ambao bahari haina. Tukakubaliana kwamba hautudhuru. Mama mkwe akaja na kijiko chake, akachota sambal peke yake, bila wali, kama mtu anayeonja dawa. Alikaa nayo mdomoni.

"Hii ndiyo nilitupa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Lo," alisema taratibu, akachota tena.

Sasa kila Jumamosi ile hoteli ina nasi lemak, na watu wanajua. Majani ya mgomba yanatoka kwenye mashamba ya mto Turkwel, namletea mimi au anayekuja kutoka Lodwar. Niliotazamia waje ni wageni wa mashirika, na wanakuja, lakini walioipenda kupita wote ni kina mama wa Kikongo, ambao samaki mwenye harufu kali si mgeni kwao. Wao hawanunui wali. Wananunua donge la belacan na kwenda kulitia kwenye sombe, na mmoja amemwambia dada kwamba afadhali aache pilau kabisa. Uduvi unatoka Longech, kina mama wale wale, wanautia chumvi wenyewe, unafika Lodwar na magari ya samaki. Nilipowapelekea habari kwamba watu walikula kweli, na sambal kidogo kwenye chupa kama ushahidi, waliionja kwa ncha ya kidole. Yule mwenye Kiswahili alikimbilia maji. Akasema wataendelea kuutega, lakini tusiwaletee tena kile kitu.

Dereva hula yai na tango, na wali ule usioguswa na rojo. Amekiri kwamba wali si mbaya. Zaidi ya hapo hatujafika.

Mwaka huu shemeji yake dada alisafiri kwenda kule Malesia, dada akamfungia madonge mawili ndani ya karatasi, nailoni, karatasi tena, na kopo la maziwa ya unga. Tulikuwa uani tunamenya vitunguu bibi alipopiga simu. Alikuwa amekaanga. Alisema sahani ilikwisha, majirani walikuja, kila mtu akauliza Afrika ni upande gani hasa. Dada aliuliza ladha ilikuwaje.

"Chumvi imezidi," bibi alisema. "Na mchi hukuutumia vizuri, nimekuta macho ya uduvi mazima."

Dada aliziba simu kwa kiganja, akanigeukia uso umejaa furaha. "Amemaliza sahani," alinong'ona, akarudi kumsikiliza mama yake, ambaye alikuwa ameanza kueleza upya, tangu mwanzo, namna ya kupima chumvi.